Mgeni Mwenye Mkoba

Jioni moja ya mwezi wa Februari 2024, mama mmoja mjane wa hapa kwetu Gehandu alikuwa uani akipepeta maharagwe. Akapiga hodi kijana mwenye shati jeupe na mkoba wa ngozi. Mama akamkaribisha, kama ilivyo desturi yetu. Akamtolea kigoda, akammiminia chai ya maziwa. Mgeni akanywa, akasifu chai, akasifu nyumba, akayasifu na mabati mapya yaliyonunuliwa na mwanawe aliye kazini Babati. Kisha akauliza, "Mama, umesikia ya Katesh?"

Nani huku kwetu asiyesikia ya Katesh? Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliyolowa maji ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikateremka mpaka mjini Katesh na vijiji vya karibu kama Gendabi na Jorodom. Watu 89 walikufa, na nyumba nyingi zilifukiwa au kuchukuliwa. Ilikuwa imepita miezi miwili tu tangu siku ile, na mama huyu alikuwa bado akiamka usiku kila mvua ikipiga bati.

"Basi mimi nimekuja kukuandikisha," akasema kijana. "Nyumba ikipatwa na jambo, kampuni inakujengea nyingine. Ni shilingi 85,000 tu kwa mwaka." Akatoa karatasi, akazijaza mwenyewe juu ya goti lake, akamwonyesha mama mahali pa kutia sahihi. Mama hakuwa na fedha hiyo ndani. Siku ya pili yake akauza debe mbili za maharagwe aliyokuwa ameyaweka kwa mbegu, akalipa.

Mwezi wa Aprili masika ilinyesha mno. Maji yakapita chini ya msingi, na pembe moja ya nyumba ikaanguka. Mama akampigia simu yule kijana. Mara ya kwanza aliambiwa angoje. Mara ya pili aliambiwa kwamba mambo ya maji hayamo. Mara ya tatu simu haikupokelewa. Ndipo alipokuja ofisini parokiani na bahasha yake, akaniambia, "Karani, nisomee. Nataka kujua nilinunua nini."

Kilichokuwamo ndani ya bahasha

Hati ilikuwa ya Kiingereza, kurasa kumi na moja, herufi ndogo kama ulezi. Ilinichukua saa mbili na kamusi. Nikaona mambo matatu.

La kwanza, majanga yaliyokatiwa bima yalikuwa moto, radi, na mlipuko wa gesi ya nyumbani. Mafuriko na maporomoko ya ardhi yalitajwa pia, lakini katika orodha ya mambo yasiyolipwa, isipokuwa mwenye nyumba ameyaomba na kuyalipia mbali. Mama alitoa fedha yake kwa kuogopa tope, akauziwa bima ya moto.

La pili, fomu ilisema kwamba kuta ni za matofali ya kuchoma na sakafu ni ya saruji. Nyumba ya mama ni ya matofali mabichi yaliyokandikwa udongo. Basi hata moto ungalitokea, kampuni ingaliweza kusema, "Nyumba tuliyoikubali siyo hii."

La tatu, nyumba ilithaminiwa kwa shilingi 30,000,000. Fundi aliyeijenga yu hai, nikamwuliza. Alisema kwamba kwa bei za siku hizi, nyumba ile pamoja na bati haifiki milioni 10.

Nilipomweleza mama mambo hayo alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Niliona aibu kumwuliza. Alikuwa mgeni, tena alikuwa amekwisha kunywa chai."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Maana si mama huyu peke yake. Wengi wetu hatutii sahihi kwa sababu tumeelewa. Twatia kwa sababu ya haya. Twaogopa kumwudhi mtu aliyekaa kwenye kigoda chetu. Lakini karatasi haijui haya. Karatasi hulipa kilichoandikwa, basi.

Bima yenyewe si adui

Tusije tukachukia kisu kwa sababu kimetukata. Bima ni jambo jema likitumiwa vizuri. Watu wengi hutoa kidogo kidogo katika mfuko mmoja, na yule apatwaye na msiba husaidiwa kwa fedha ya wote. Sisi wenyewe twafanya hivyo katika vyama vyetu vya kuzikana. Mji wa London ulipoungua mwaka 1666, maelfu ya nyumba yaliteketea, na wenye nyumba wengi wakabaki mikono mitupu. Karibu na mwaka 1680 bwana mmoja, Nicholas Barbon, akaanza pale kampuni ya kuziwekea nyumba bima ya moto. Tangu hapo kazi hiyo imeenea duniani.

Hapa Tanzania Bara wazee wetu walijua Shirika la Bima la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 kazi ya bima iliachiwa Shirika hilo peke yake. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa kampuni nyingine, na sasa ni nyingi. Kampuni zikiwa nyingi, na mawakala ni wengi. Hilo si baya, maana mnunuzi aweza kuchagua. Lakini achaguaye sharti ajue anachochagua.

Yafaa kwanza tujue wakala ni nani. Wakala wa bima huifanyia kazi kampuni, na kwa kawaida hupata ujira kwa kila hati anayouza. Yuko pia dalali wa bima, ambaye kazi yake ni kumtafutia mnunuzi bima inayomfaa. Mawakala waaminifu wako, nami nawajua wachache. Hata hivyo, yule ambaye mlo wake hutoka katika sahihi yako hawezi kuwa mshauri wako wa pekee.

Tena kuna kanuni tatu za bima ya nyumba ambazo kila mtu angefaa kuzijua.

Kanuni ya kwanza: bima hurudisha kilichopotea, haimtajirishi mtu. Nyumba ya milioni 10 ikikatiwa bima ya milioni 30, ikiungua yote, kwa kawaida utalipwa thamani yake halisi na si zaidi. Ile ada ya milioni 20 zilizozidi umeitupa.

Kanuni ya pili: ukitaja thamani ndogo ili ada iwe ndogo, nawe utakatwa. Hati nyingi husema hivi: nyumba ikiwa ya milioni 20, nawe umeikatia bima ya milioni 10, yaani nusu, basi hata hasara ndogo italipwa nusu. Jiko likiungua kwa hasara ya milioni 4, utapata milioni 2.

Kanuni ya tatu: nyumba moja yenye bima mbili hailipwi mara mbili. Kampuni zile zitagawana hasara moja, nawe utakuwa umelipa ada mbili.

Kisa cha mwalimu

Hiyo kanuni ya tatu ilimpata mwalimu mmoja niliyesoma naye chuo cha ualimu. Alikopa fedha ya kumalizia nyumba, akaiweka nyumba hiyo rehani. Katika karatasi za mkopo mlikuwamo bima ya nyumba, naye hakuiona kwa kuwa alikuwa akitazama kiasi cha mkopo tu. Mwaka uliofuata wakala akaja shuleni wakati wa mapumziko, akazungumza na walimu wote pamoja. Wenzake watatu walitia sahihi, naye akaona aibu kubaki. Akatia.

Ilipita miezi minane kabla hajaitazama vizuri hati yake ya mshahara na kuona makato asiyoyajua. Tulipoketi pamoja tukakuta nyumba ile ile ina bima mbili. Ile ya shuleni akaifuta. Ile ya mkopo aliiacha, na alifanya vyema, kwa sababu mkopeshaji alikuwa ameiweka kuwa sharti, na kuivunja kungalileta ugomvi katika mkopo wenyewe. Msomaji, ukiwa na mkopo, usiikate bima yake kabla ya kumwuliza mkopeshaji kwa maandishi.

Jambo hili la bima kujificha ndani ya mkopo halikutokea kwetu tu. Kule Uingereza mabenki yaliuza kwa miaka mingi bima ya kulinda marejesho ya mkopo. Watu wengi hawakuihitaji, wengine hawakujua kwamba wanayo, na wengine kwa hali yao wasingaliweza kulipwa hata kidogo. Mambo yalipofichuliwa, wakopeshaji walilazimika kurudisha fedha. Siku ya mwisho ya kupeleka madai ilikuwa 29 Agosti 2019, na fedha zilizorudishwa zilipita pauni bilioni 38. Hao ni watu wenye shule nyingi na wanasheria kila mtaa. Basi asione haya mtu wa Gehandu aliyekosa kusoma karatasi. Bali aone haya asipoisoma sasa.

Maswali matano kabla ya kalamu

Mgeni mwenye mkoba akija, mkaribishe. Mpe chai. Kisha umwulize maneno haya, nawe uandike majibu katika daftari mbele yake.

1. Wewe ni nani, na kampuni yako ni ipi? Wakala wa bima sharti awe amesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, iitwayo kwa kifupi TIRA. Mamlaka hiyo iliwekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Mwenye usajili haoni taabu kuuonyesha.

2. Ni majanga gani yanayolipwa, na ni yapi yasiyolipwa? Usikubali jibu la "yote". Taja wewe mwenyewe unachokiogopa: moto, upepo, mafuriko, maporomoko, wizi. Umwambie akuonyeshe kila kimoja kwa kidole katika hati. Asipokionyesha, hesabu kwamba hakimo.

3. Fomu ataijaza nani? Ijaze wewe, au mwanao, au mtu unayemwamini. Kama nyumba ni tembe, iandikwe tembe. Kama kuta ni za udongo, ziandikwe za udongo. Kampuni ikikataa nyumba ya namna hiyo, ni heri ikatae leo kuliko kukataa siku ya msiba.

4. Nitalipa kiasi gani, kwa njia gani, na mara ngapi? Uliza pia kama hasara ikitokea kuna kiasi cha kwanza utakachobeba mwenyewe. Hati nyingi zina sharti hilo. Usitoe fedha mkononi bila stakabadhi ya kampuni. Baada ya kulipa, omba namba ya bima yako. Mamlaka inao mfumo wa kompyuta wa kuhakiki bima, na kijana yeyote mwenye simu ya intaneti aweza kukusaidia kuitazama.

5. Nikitaka kuiacha, nifanyeje? Kuiacha kuna masharti yake, na masharti hayo yamo katika hati. Akuonyeshe mahali yalipoandikwa.

Baada ya hayo yote, usitie sahihi siku hiyo. Mwambie hivi: "Asante, mwanangu. Niachie karatasi nizisome pamoja na watu wa nyumbani. Urudi baada ya juma moja." Kwa maneno hayo hujamfukuza mtu wala hujamtukana. Akisema kwamba bei ni ya leo tu, au kwamba jirani zako wote wamekwisha kuandikwa, jua kwamba anaogopa usisome.

Kama umekwisha kutia sahihi

Hapa pia pana njia. Usikae ukinung'unika, wala usizime simu ukidhani jambo limekwisha. Makato hayakomi kwa kunung'unika.

Kwanza, kusanya kila karatasi: hati, fomu, stakabadhi, na ujumbe wa simu wa malipo. Andika tarehe uliyotia sahihi na maneno aliyokuambia wakala, kabla hujayasahau.

Pili, iandikie kampuni, si wakala. Wakala aweza kuhama au kubadili simu. Kampuni ina ofisi. Barua iwe fupi. Sisi tuliandika hivi kwa ajili ya mama:

"Ndugu Meneja, mimi ni mwenye bima namba fulani, niliyotia sahihi tarehe fulani. Niliambiwa na wakala wenu kwamba inalinda nyumba yangu dhidi ya mafuriko na maporomoko. Hati inasema sivyo. Tena fomu iliyojazwa na wakala inaeleza nyumba isiyo yangu. Naomba bima hii ifutwe, na fedha yangu irudishwe. Naomba jibu kwa maandishi. Nakala za hati na stakabadhi nimeziambatanisha."

Chini yake mama alitia sahihi yake, na safari hii alijua ametia nini. Nakala moja tulibaki nayo. Barua ilipopokelewa tuliomba muhuri juu ya nakala yetu, maana barua isiyo na muhuri huweza kusemwa kwamba haikufika.

Tatu, kama fedha hukatwa katika mshahara au benki, peleka nakala ya barua kwa mhasibu au benki, na uombe makato yasimamishwe. Hayo ni mambo mawili mbalimbali: kuifuta bima na kuyasimamisha makato. Wengi hufanya moja na kusahau la pili.

Nne, kampuni isipojibu, au ikijibu kwa dharau, andika kwa Mamlaka ya Bima. Makao yake makuu yako Dodoma, na Arusha ipo ofisi ya Kanda ya Kaskazini. Yuko pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye kazi yake ni kusikiliza ugomvi kati ya wenye bima na kampuni. Huko kote utaulizwa kwanza kama umekwisha kuilalamikia kampuni yenyewe. Ndiyo sababu ile nakala yenye muhuri ni mali.

Yaliyompata mama baadaye

Barua yetu ya kwanza haikujibiwa. Tulingoja majuma matatu. Ya pili tuliipeleka pamoja na nakala kwa Mamlaka, na mwishoni mwa barua tukaandika kwamba nakala imepelekwa. Siku ya tisa kampuni ilipiga simu. Walisema kwamba ukuta hawawezi kuulipa, kwa kuwa maji hayamo katika hati. Katika hilo walisema kweli. Lakini walikubali kwamba fomu ilijazwa vibaya, wakaifuta bima, na shilingi 85,000 zikarudi katika simu ya mama mwezi wa Julai.

Sitaki kusema kwamba yote yalikwisha vizuri. Wakati wa kupanda ulikuwa umepita, na mwaka ule mama alipanda mbegu ya kuazima, tena kwa kuchelewa, akavuna kidogo. Ukuta ulisimamishwa upya na majirani kwa siku mbili, naye mwanawe akanunua saruji ya msingi na kuchimba mfereji wa kupitisha maji nyuma ya nyumba. Mfereji ule umeilinda nyumba kuliko zile kurasa kumi na moja.

Hata hivyo mama hakuichukia bima. Mwaka huu alikuja tena ofisini, akaniuliza kama iko kampuni inayoweza kulinda bati lake dhidi ya upepo, na kwa ada gani. Tuliandika barua kwa kampuni mbili, na majibu twayangoja. Safari hii mama ndiye anayeuliza maswali.

Juzi mgeni mwingine mwenye mkoba alipita kwake. Alikaribishwa, akapewa kigoda na chai ya maziwa kama yule wa kwanza. Akatoa karatasi na kalamu. Mama akazipokea karatasi kwa mikono miwili, akaziweka juu ya kabati, na kalamu akamrudishia.

"Chai ni ya mgeni," akamwambia. "Sahihi ni ya nyumba."